Kabila la Dani

Makabila yaligawiwa siku ya Jumapili baada ya ibada, na watu wa Kwemhanga waliitwa mwisho kwa kuwa jumuiya yao ndiyo iliyokuwa changa kuliko zote. Zamani walihesabiwa pamoja na watu wa Bondeni. Kisha masika moja mto ukabeba kivuko, masika iliyofuata ukabeba kivuko kipya, na baraza la wazee wa kanisa likaamua kwamba walioko ng'ambo wafanye sala zao za nyumbani huko huko waliko. Hivyo ndivyo usharika ulivyopata jumuiya ya kumi na tatu, na hivyo ndivyo Jenoveva, mama Glory, alivyofanywa kiongozi wake. Siku ya uchaguzi alichelewa kwa sababu ya ng'ombe, na aliyechelewa ndiye aliyechaguliwa.

Alikuwa mama wa makamo, mrefu, mkulima wa viazi na kabichi, asiyependa kupandisha sauti. Alizaliwa Mkatoliki kule Gare, akaolewa na Anord, Mlutheri, na akahamia dhehebu la mumewe kama alivyohamia nyumba yake: alifagia, akapanga vyombo, akakaa.

Mwaka ule mchungaji alikuwa masomoni, na usharika ulikuwa mikononi mwa Mwinjilisti Timotheo. Huyu alikuwa bado kijana, mwenye moyo mwema, anayeamka alfajiri kwenda kuwaona wagonjwa hata walioko mbali karibu na Mlola. Tangu vita vya kule Mashariki ya Kati vianze kuonekana kwenye simu za watu, alikuwa amefungua somo la unabii kila Jumatano jioni. Aliwafundisha kwamba Wayahudi ni saa ya Mungu. Anayetaka kujua dunia imefikia wapi asitazame ukutani, awatazame wao. Watarudi wote kwenye nchi ya baba zao, watajenga hekalu, watadanganywa na Mpinga Kristo, watapita katika dhiki ambayo haijapata kuonekana, theluthi mbili watakufa, na theluthi itakayosalia itamwamini Yesu. Hapo ndipo mwisho utakapofika na Kanisa litafurahi. Aliyaeleza haya bila ubaya wowote, kwa sauti ile ile aliyotangazia zamu za usafi, isipokuwa alipofika kwenye theluthi mbili, ambapo aliongeza sauti kidogo.

Watu walijaa. Jenoveva naye alikwenda kila Jumatano, akakaa mstari wa nyuma, akafuma sweta.

Sikukuu ya Mavuno ilipokaribia, Timotheo alisema mwaka huu hakutakuwa na mashindano ya kwaya, ambayo kila mara huishia watu kutosalimiana mpaka Krismasi. Badala yake usharika mzima utaigiza siku za mwisho. Kila jumuiya itakuwa kabila moja la Israeli. Kitabu cha mwisho cha Biblia kinataja makabila kumi na mawili yatakayotiwa muhuri, kila kabila watu elfu kumi na mbili, na yeye atayagawa kama yalivyoandikwa. Wa kanisani penyewe wakawa Yuda, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Bondeni wakapewa Benyamini. Wengine wakapewa Asheri, Naftali, Isakari, wakarudi kukaa huku wakirudia jina wasije wakalisahau. Makabila yalipokwisha, Jenoveva alikuwa bado amesimama.

Timotheo alitazama karatasi yake, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. Kisha akasema Kwemhanga watakuwa Dani.

Walifurahi. Dani ni jina fupi, na wote walimkumbuka kama mwana wa Yakobo. Lakini jioni ile, wakati makande yakichemka, Jenoveva alifungua Biblia ya Anord ili ajue kabila lake lina kazi gani. Alisoma orodha ya waliotiwa muhuri kuanzia juu hadi chini, halafu kuanzia chini hadi juu. Dani hakuwemo. Alimwita mumewe naye asome. Anord alisoma kwa kidole, akasema huenda kiwanda cha kuchapisha kiliruka mstari. Wakaazima Biblia ya jirani. Nayo ilikuwa imeruka.

Kesho yake alimfuata Timotheo ofisini na kumuuliza. Timotheo hakuwa mtu wa kuficha. Alimwambia ni kweli, Dani hatajwi, kwa sababu kabila lile liliabudu sanamu, na walimu wengine wanasema hata Mpinga Kristo mwenyewe atatokea huko, ingawa yeye asingependa kufika mbali kiasi hicho. Jenoveva akauliza sasa watu wa Kwemhanga watafanya nini jukwaani. Timotheo akakiri kwamba suala hilo lilikuwa limemsumbua, lakini limepata jibu lenyewe. Alikuwa anahitaji watu wa kuwa theluthi mbili.

"Kwa hiyo sisi ndio tunaokufa," Jenoveva alisema.

"Kwa niaba ya wengine, mama Glory. Ni sehemu muhimu. Bila nyie theluthi moja haiwezi kubaki."

Alizipeleka habari hizo kwenye sala ya jumuiya kama alivyozipokea. Wengi hawakuona tatizo, kwa kuwa maiti hana maneno ya kukariri. Binti yake Glory, aliyekuwa kidato cha tatu na amerudi likizo, alisema watu wa jumuiya moja hawawezi kuwa theluthi mbili ya makabila kumi na mawili, hesabu haikubali. Akaambiwa hiyo ni hesabu ya kiroho. Bibi Scholastica, mkubwa kuliko wote pale, mwenye nyonga mbovu, aliomba aulizwe mwinjilisti kama mtu anaweza kufa amekaa. Mwinjilisti aliulizwa, akakubali.

Hekalu alipewa Hashimu kulitengeneza, kwa kuwa ndiye fundi seremala wa pale, na kila mwaka ndiye aliyewaazima turubai na jenereta wakati wa mavuno, kisha akaja na familia yake kula. Hashimu ni Mwislamu, na yeye na Jenoveva wamepakana mashamba tangu alipoolewa. Tangu vita vile vianze walikuwa wameacha kuzungumza habari za redioni, bila kuambiana kwamba wameacha. Jenoveva alipokwenda kuangalia kazi imefikia wapi, alimkuta akipiga msasa nguzo za plaiwudi.

Hashimu aliuliza hekalu hili linajengwa wapi. Akaambiwa Yerusalemu. Akauliza Yerusalemu sehemu gani. Jenoveva hakujua kudanganya, akamwambia kile Timotheo alichokuwa amewafundisha, kwamba ni pale pale penye msikiti.

Hashimu aliweka msasa chini. Akapuliza vumbi kwenye nguzo, taratibu, mpaka likaisha.

"Na sisi tuko wapi kwenye huo mchezo wenu, mama Glory?"

"Hampo, baba Sabra."

"Afadhali," alisema.

Hekalu alilimaliza kwa siku aliyoahidi, na lilikuwa zuri. Lilipofika kanisani ikaonekana amelifanya dogo kuliko vipimo alivyopewa, kiasi kwamba kuhani mkuu alilazimika kuinama. Hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Mazoezi yalifanyika ndani ya kanisa, maana ilikuwa majira ya baridi na nje kulikuwa na ukungu na manyunyu kutwa. Timotheo alipiga muhuri kwenye vipaji vya nyuso za makabila kumi na mawili. Hakukuwa na muhuri mwingine ila ule wa mtunza hazina, kwa hiyo waliotengwa kwa ajili ya Mungu wote waliandikwa IMEPOKELEWA kwa wino wa zambarau. Kisha yalisomwa maneno ya nabii kuhusu theluthi mbili, tarumbeta zikalia, na watu wa Kwemhanga wakaanguka katikati ya kanisa, kwenye sakafu ya saruji, wamejifunika vitenge. Bibi Scholastica alikufa juu ya kigoda. Halafu waliotiwa muhuri wakatoka nyuma wakiimba, wakapita katikati yao kwenda kwenye hekalu. Ilibidi waruke miili. Timotheo aliwafundisha kuinua mguu juu na kuutua polepole, ili ipendeze.

Jenoveva alilala chali, akasikia baridi ya saruji ikimpanda mgongoni. Wimbo ulikuwa wa furaha. Wenye sauti nzuri walikuwa Yuda. Aliona nyayo za watu anaowajua zikipita juu ya uso wake, wengine wakijitahidi wasimkanyage, wengine wakiongea mambo ya mbolea. Alizoea kuona mambo kutoka benchi la nyuma, na sasa alikuwa anayaona kutoka chini. Wazo lililomjia halikuwa kubwa. Aliwaza kwamba hawa anaowaigiza wana mama zao. Akamaliza mazoezi bila kumwambia mtu.

Aliyeongea alikuwa Bibi Scholastica. Siku hiyo walipoinuka kujipangusa, alimwita Timotheo pale kwenye kigoda. Timotheo akaja, akatoa shikamoo, akachuchumaa.

"Hao Wayahudi wenyewe," bibi aliuliza, "wameambiwa?"

Timotheo alisema imeandikwa, bibi.

"Sikuuliza kama imeandikwa. Nimeuliza kama wameambiwa."

Timotheo alisema hajui. Aliinuka akaenda kukunja nyaya za spika.

Wiki ya mwisho kabla ya sikukuu, katikati ya mazoezi, mvua ilinyesha kweli kweli, na mlango wa kanisa ukafunguliwa. Aliyeingia alikuwa Ismaili, kijana wa Lushoto mjini anayetembeza watalii milimani, na nyuma yake mzee mmoja wa Kizungu, mwembamba, ameshika kofia iliyolowa na fimbo ya kutembelea. Ismaili aliomba radhi, akasema wanajikinga mvua tu. Walikaribishwa na wakaletewa chai. Timotheo, kama ilivyo desturi kwa mgeni anayeingia kanisani, alimwomba Ismaili amtambulishe mzee na aseme anasali wapi.

Ismaili alimuuliza mzee kwa Kiingereza, akajibiwa. Akasema mgeni anaitwa Sauli, ni mfamasia mstaafu, anatoka nchi inayoitwa Uruguai, iko Amerika ya kusini, karibu na Brazili. Kuhusu kusali, amesema yeye ni Myahudi, ila hasali sana.

Yuda walinyamaza katikati ya neno. Mtunza hazina akavua miwani. Katika kanisa lile Wayahudi walitajwa kila Jumapili na kila Jumatano, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kumwona mmoja wao kwa macho.

Timotheo alivuka kanisa na kumshika mzee mkono kwa mikono yake miwili, akasahau kuuachia. Alimuuliza kupitia Ismaili ni wa kabila gani. Mzee alisema hajui. Timotheo akasema kwa jina hilo, jina la mfalme wa kwanza wa Israeli, lazima atakuwa Benyamini, na watu wa Bondeni wakapiga makofi. Mzee akainamisha kichwa kuwashukuru. Timotheo akamuuliza atarudi lini. Mzee alisema Alhamisi. Timotheo akamwelewesha kwamba hakuwa na maana hiyo, anauliza lini atarudi kwenye nchi ya baba zake. Ismaili akatafsiri, na mzee akafikiri, akasema alikwenda huko mara moja kumtembelea binamu. Kulikuwa na joto na alisumbuliwa na tumbo.

Wakati wote huo watu wa Kwemhanga walikuwa bado wamelala, kwa kuwa hakuna aliyewaambia waamke.

Mzee Sauli aliuliza hapa kinafanyika nini. Timotheo alimweleza kwa furaha, kuanzia mwanzo, na Ismaili akatafsiri kipande kwa kipande. Mzee alitazama mihuri ya zambarau. Alitazama hekalu. Kisha akaelekeza fimbo sakafuni na kuuliza jambo, na Ismaili hakujibu. Alimgeukia Timotheo.

"Anauliza hawa ni nani. Nimwambie?"

"Mwambie. Ni neno la Mungu."

Ismaili akamwambia. Alisema kwa sauti ya chini, na kwa maneno machache kuliko aliyopewa.

Mzee alitembea katikati ya kanisa, kofia mkononi, akiwatazama mmoja mmoja kama mtu anayetafuta anayemfahamu. Alipofika kwa Jenoveva alisimama. Macho yao yalikutana. Jenoveva hakujua maiti anatakiwa kufanya nini mgeni anapomtazama, akasema, "Karibu." Halafu akaona haiwezekani kumsalimia mtu mzima umelala, akaketi, akaweka kitenge sawa, akasema shikamoo. Mzee alikuwa amefundishwa na Ismaili njiani. Akajibu marahaba.

Mzee akauliza wanaokufa ni wangapi. Akaambiwa theluthi mbili. Alisimama akifikiri, kisha akasema maneno ambayo Ismaili aliomba ayarudie.

"Anasema kwa upande wa mama yake walikuwa zaidi ya hapo."

Timotheo hakuelewa. Akauliza zaidi ya hapo vipi. Mzee akaeleza, na Ismaili akafuatisha, safari hii bila kupunguza. Mama yake alitoka mji mdogo wa Lituania, kule Ulaya. Alipokuwa msichana alitangulizwa kwa meli kwa mjomba wake Uruguai, na wengine wangemfuata. Vita vya pili vya dunia vikaja. Waliuawa wazazi wake, ndugu zake, majirani, mwalimu wake, fundi viatu wa mtaa wao, walikusanywa msituni nje ya mji na kupigwa risasi. Hakubaki hata theluthi. Mzee hakulisema kwa uchungu wala kwa kulaumu. Alilisema kama mfamasia anayesahihisha kipimo cha dawa.

Mvua ilisikika juu ya bati.

Bibi Scholastica ndiye aliyetangulia kupata la kusema. "Onga mshi, mgosi," alimwamkia kwa Kishambaa, kisha akamwambia Ismaili ampe mzee pole ya mama yake. Ismaili akampa. Mzee aliinama mbele ya kigoda, na bibi akafungua fundo la kanga na kumpa viazi viwili vya kuchemsha alivyokuja navyo kwa ajili yake mwenyewe. Mzee alivila amesimama, na maganda akayatia mfukoni.

Mvua ilipopungua, Ismaili alisema inabidi waende kabla utelezi haujazidi. Mzee aliwashukuru kwa chai. Mlangoni akageuka na kuuliza swali moja la mwisho, akimtazama Timotheo.

"Anauliza, kwenye mchezo, nani anawazika?"

Timotheo alifungua makaratasi yake. Alipekua mbele, akapekua nyuma, na watu wote wakamsubiri. Hakukuwa na mahali popote ambapo walizikwa.

"Mwambie mchezo haujafika huko," alisema.

Mazoezi hayakuendelea siku ile. Timotheo alisema ni kwa sababu ya mvua.

Jenoveva alikaa na jambo lake siku mbili, akilima nalo na kukamua nalo. Anord, aliyemzoea, hakumuuliza, ila alichota maji mwenyewe. Siku ya tatu akaitisha jumuiya na kuwaambia kwamba yeye hatalala tena. Hakuwaambia wafanye nini. Mmoja alisema wataharibu sikukuu ya watu wote. Mwingine alisema hata hivyo saruji ilikuwa inamletea kikohozi. Bibi Scholastica alisema yeye atakuja na kigoda chake kama kawaida, lakini atakaa tu kama mtu anayekaa. Basi wakakubaliana.

Akamfuata Timotheo nyumbani kwake ili asije akashtukizwa mbele za watu. Alimkuta amekaa jikoni na chakula hakijaguswa. Alipokelewa vizuri, akapewa kiti, akasema alichokuja kusema. Timotheo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo hili si lake, neno lile amelisema nabii na si yeye, na yeye ni mwinjilisti tu wa usharika wa milimani, hana mamlaka ya kuondoa mstari.

"Siondoi neno, mwinjilisti. Lisome lote. Mimi naondoa mgongo wangu sakafuni."

"Na watu watajuaje kwamba wamekufa?"

"Wao wenyewe wanajua," Jenoveva alisema. "Wamekwisha kufa mara moja. Yule mzee ametueleza."

Timotheo aliivuta sahani karibu, akaisukuma tena. Mwishowe akasema hawezi kumruhusu na hawezi kumzuia. Jenoveva akamwambia ale, chakula kinapoa, akaaga.

Siku ya sikukuu jua lilitoka, jambo lisilo la kawaida kwa mwezi ule, na watu wakaja kutoka kila upande na mikungu ya ndizi, magunia ya viazi, karoti, kuku waliofungwa miguu. Mchezo ulifanyika uwanjani chini ya turubai. Hashimu na familia yake walikaa pembeni na jenereta. Yuda waliimba vizuri. Kuhani mkuu aliinama akaingia hekaluni. Timotheo mwenyewe alishika kipaza sauti na kusoma maneno ya nabii. Alisoma yote, hakuruka, lakini pale alipozoea kuongeza sauti hakuongeza, na wa nyuma hawakusikia.

Tarumbeta zikalia. Watu wa Kwemhanga walikuwa wamesimama katikati ya uwanja mahali pao, na wakabaki wamesimama. Hawakufanya kitu kingine. Bibi Scholastica alikaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti.

Waliotiwa muhuri wakatoka wakiimba, kwa kuwa zamu yao ilikuwa imefika na hawakujua la kufanya. Wakaja mpaka walipo watu wa Dani. Hapo hapakuwa na mtu chini, nyasi tu, lakini miguu yao ilikuwa imefundishwa wiki kadhaa. Waliinua miguu juu, wakaitua polepole, wakishika vitenge vyao, wakapita katikati ya majirani zao wakiruka kwa uangalifu watu ambao hawakuwepo. Baadhi ya watazamaji walicheka. Kisha kicheko kikakatika, maana waliokuwa wanapita walikuwa hawacheki. Mama mmoja wa Naftali, alipomfikia Jenoveva, alikuwa analia na kuimba kwa pamoja, na hakuweza baadaye kueleza sababu.

Walipofika wote hekaluni wimbo ukaisha. Palikuwa na maombi ya kufunga, na Timotheo alisimama na kipaza sauti bila kuomba. Jenereta iliunguruma. Hatimaye akasema, "Tumefika mwisho wa dunia. Sasa tuingie kwenye mnada." Na mnada ukaanza, na jogoo wa kwanza akapata mnunuzi.

Maneno yalikuwepo, bila shaka. Watu wa Bondeni walisema Kwemhanga wamejitenga tangu enzi za kivuko, na hii si ajabu. Baraza la wazee lilimwita Jenoveva kuhojiwa. Aliulizwa kama ni kweli alikataa kufa. Akasema ni kweli. Wazee walijadiliana kama kusimama ni kosa, na wakagawanyika, kwa sababu wengine walikumbusha kwamba kanisani watu husimama mara nyingi. Mwisho walimwonya ajirekebishe, bila kutaja nini, naye akawashukuru. Somo la Jumatano liliendelea. Watu walipungua, lakini ulikuwa msimu wa kuvuna viazi.

Ulikuwa msimu huo huo alipofika Timotheo shambani kwa Jenoveva asubuhi moja, na jembe begani, amevaa viatu vya kanisani. Hakueleza kilichomleta. Akatoa shikamoo, akaingia kwenye tuta la pili na kuanza kuchimba. Walichimba sambamba kwa muda, ukungu ukipanda kutoka bondeni, kabla hajasema kitu.

Alisema bado anaamini kilichoandikwa kimeandikwa. Ameirudia mistari yote, na ile ya mtume inayosema Mungu hakuwatupa watu wake, ameirudia zaidi. Lakini sasa akifika pale Jumatano anaona ule mlango, na yule mzee amesimama na kofia yake, na hajui amtazame wapi.

"Zamani nilikuwa nafurahi pale," alisema. "Nilikuwa nafurahi kabisa, mama Glory. Nilikuwa nasubiri ifike."

Jenoveva hakumwambia kwamba si kosa lake, kwa sababu hakuwa na hakika, wala hakumwambia kwamba ni kosa lake. Alitazama viazi alivyovichimbua mwinjilisti. Karibu kila kimoja kilikuwa na kovu la jembe.

"Unavikata," alimwambia. "Hapo tumia mikono."

Timotheo akaweka jembe kando, akapiga magoti kwenye udongo kwa suruali yake ya kanisani, na kuanza kufukua. Kufikia mchana walikuwa wamejaza magunia ya kutosha mzigo wa kupeleka sokoni Mombo, na Anord akaja na kamba kuyashona.